Jicho Si Miguu

Shosti, acha unachofanya usome hapa. Yule Jaji, admini wa kundi letu la katuni, anayenitukana wiki nzima kwa sababu ya ile fainali ya pambano la wanyama? Leo nimemshika taya. Kwa mikono yangu hii!!

Kaja kliniki kwetu kung'olewa jino, mimi wala simjui sura. Daktari kamchoma ganzi, katoka kidogo, nami namshikia bomba la kunyonya mate. Nikaona simu yake ina picha ya Ngurumo, yule mnyama aliyeangushwa kwenye fainali. Nikajua huyu mwenzetu.

Nikamwaga yote. Kwamba Ngurumo kaibiwa ushindi, mwamuzi kainua bendera ya kushindwa wakati jicho la mnyama bado liko wazi, na anayebisha ni punguani.

Mdomo umejaa pamba. Nikadhani ananiunga mkono!

Kumbe anaandika. Simu yangu ikatetema mfukoni, nikachungulia. JAJI: "Niko kwa daktari wa meno, kuna msaidizi hapa hajui kitu. Narudia, jicho si miguu. Mnyama asiyesimama kashindwa."

Nikamtazama. Akanitazama. Akaitazama simu yangu, akanijua.

Kaniondoa kundini, shosti! Mate namnyonya mimi, na kaniondoa kundini!!

Daktari akarudi, akatugeuzia mgongo anachagua koleo. "Ganzi imeshika?"

Jaji katoa macho hayo, yanasema bado, bado! Kichwa hakitikisiki, taya ninayo mimi.

Jicho si mdomo.

Nikasema, "Imeshika, daktari. Ng'oa."