Shemeji Anaujua Mto

Jumapili

Eti hajawahi kufika Mto Mara. Mwita, mchumba wa mdogo wangu Rhobi, alisema hivyo mwenyewe asubuhi tukipanda gari alilokodi kutupeleka kuona nyumbu wakivuka.

Tuliwaona, na viboko pia, na mamba kajilaza kama gogo. Rhobi alipiga picha mpaka simu ikazima. Mimi nilikuwa namtazama shemeji.

Nyumbu walisita ukingoni. Akatikisa kichwa. "Hapa maji yana nguvu. Ng'ombe unawavusha pale juu, penye mawe, hata usiku wa giza."

"Umejuaje, shemeji?"

Akacheka. "Si kila Mkurya anajua?"

Mimi Mkurya wa Turwa, sijui. Na nani anavusha ng'ombe usiku wa giza? Kazi yake, anasema, ni kutoa mizigo mpakani Sirari. Labda alichunga huku utotoni. Basi kwa nini aseme hajawahi kufika?

Sijamwambia Rhobi. Amelala, simu kifuani. Nikisema, nitaambiwa ni wivu wa dada mkubwa ambaye bado yuko nyumbani.

Jumamosi analeta ng'ombe wa mahari. Baba ataangalia unono wao, mama atapiga vigelegele. Mimi nitaangalia chapa.