Kivuli cha Upande wa Kushoto

Jumatatu, 3 Juni
Nimemjaza Babu. Ndivyo idara inavyokiita kichwa bandia cha plastiki tunachokipiga picha kabla ya wagonjwa, ili kuipima mashine yenyewe. Maji yenye dawa ya mionzi niliyachanganya ipasavyo. Mapovu ya hewa niliyagonga yakatoka, hadi la mwisho. Hata hivyo picha imetoa kivuli upande wa kushoto. Kivuli kama hicho kwa binadamu huitwa ugonjwa wa ubongo.

Jumanne, 4 Juni
Nimemlaza Babu kifudifudi. Lingekuwa povu, kivuli kingehama. Hakikuhama — kimebaki kushoto kwa mashine, na sasa nusu ya kulia ya ubongo ndiyo inayosingiziwa. Shemeji, kaka wa mke wangu na mwanafizikia wa idara, ameshuhudia. Akanipiga bega: "Shem, wewe profesa, umekosa joho tu. Andika barua, na mimi natia sahihi."
Nimeandika. "Kwa heshima na taadhima, naomba mashine isimamishwe." Aya nne, pasipo kufuta neno.

Alhamisi, 6 Juni
Kikao. Daktari mkuu aliisoma barua yangu, akamtazama Shemeji. Shemeji akasema ni povu. Kwamba mjazaji, yaani mimi, hakusomea, amejifundisha mwenyewe, avumiliwe. Mtu akauliza iwapo Babu naye ana malalamiko. Wakacheka. Hati ya Shemeji ya kuthibitisha usalama wa mashine ilikuwa na muhuri wa juzi — siku ileile aliponipiga bega. Kumbe alinivisha kilemba cha ukoka.
Koridoni akaniambia fundi wa mashine hapatikani hadi baada ya miezi miwili, na foleni imefika getini. "Haya tuyamalize kifamilia, shem." Nilimjibu kwamba familia haina muhuri.
Mke wangu anasema kaka yake ndiye aliyeniombea kazi, basi nimeze. Sikumeza. Chakula pia sikukigusa.

Ijumaa, 7 Juni
Mgonjwa wa kwanza ni mwalimu mstaafu, mama anayesahau majina. Dawa amekwisha kuchomwa. Nilipokuwa namfunga ukanda wa kichwa, alinishika mkono: "Mwanangu, wanasema hii haikosei. Ni kweli?"
Nilisema nafuata mto. Nimo stoo, mto nimeupakata. Shemeji anagonga mlango: "Shem, fanya upesi, dawa inaisha nguvu." Katika hilo hasemi uongo.
Jibu la kumpa mama nimeliandika mara tatu. Kila mara linaanza "Kwa heshima na taadhima", kisha kalamu inagoma.