Kidole cha Bi Mwanamisi

Msambweni, baada ya Alasiri

Dada Zuhura, shikamoo.

Mvua imenikwamisha kwa Bi Mwanamisi, mjane anayeuza mahamri na mbaazi. Gramafoni yake imekatika springi, basi sahani ya santuri huizungusha kwa kidole. Mimi niandikaye habari za nyimbo gazetini sijapata kusikia wimbo ukaenda sawa vile! Ila mlio wa udi ulipoingia, alipunguza mwendo mpaka sauti ikawa nzito. Nikamwuliza kulikoni.

“Hapo anapiga marehemu mume wangu,” akasema. “Simharakishi.”

Subhanallah, mbaazi zilinipoa mbele yangu.

Nakuombea afya, wewe na wanao. Gramafoni ya Baba, Mungu amrehemu, usiitupe kwa sababu ya springi. Vidole tunavyo.

Nduguyo, Salim