Nilichomjibu Mtaalamu wa Usingizi

Dada yangu Mama Asha, shikamoo.

Natangaza rasmi, na ukoo wote wa Makote upewe taarifa: tangu juma lililopita, mimi ndugu yenu navaa miwani. Rehema wangu anasema nafanana na karani aliyestaafishwa kwa lazima.

Magoti yako yanasemaje, au umeyasahau kwa kuokota korosho? Nakuandikia kwa sababu simu yako huwa unaiweka sauti ya juu, na haya sitaki yasikike mpaka Mnyambe.

Mdogo wetu Saidi yuko hai. Hasemi bado. Chakula anakataa, analishwa kwa mpira wa puani, na nikimshika mkono hanishiki. Madaktari wa huku Morogoro wanataka kurudia umeme wa kichwani, ile tiba ya kuizindua akili yake, maana bila huo wanaona ataisha hivihivi. Mjomba amenipigia: "Hakuna tena. Mlimtia umeme moyo ukasimama, sasa mnataka mmalizie?" Nikakata simu. Unanijua, mimi ni mtu wa kukata simu?

Nisalimie shemeji, mume wako, mwambie koti langu alirudishe. Nisalimie na Asha na mkwe wetu.

Nilitaka niishie hapo, nitie sahihi. Nimeshindwa.

Siku ile kabla ya umeme, mama mmoja mtaalamu wa usingizi aliniuliza, "Baba, mgonjwa wako amelala kitandani muda gani?" Nikajibu kama tunavyojibu siku zote mtu akituulizia mgonjwa: "Hajambo, anatembeatembea."

"Mbona miguu imekonda hivi?"

"Kwetu wote tuna miguu ya korongo."

Akacheka, akaandika. Nami nilijua Saidi hakuinuka kitandani tangu mlipopulizia mikorosho dawa ya salfa mpaka korosho zikaanza kudondoka. Niliona aibu, wasije wakasema ametoka kwa watu wasiomjali.

Kumbe swali lilikuwa na maana. Mgonjwa hulazwa usingizi, kisha huchomwa dawa ya kulegeza misuli ili umeme usimvunje mifupa. Sasa mtu aliyelala muda mrefu bila kujongea, dawa ile huitoa chumvi iitwayo potasiamu kwenye misuli yake na kuimwaga kwenye damu. Sote tunayo mwilini, ila ikizidi ghafla moyo husimama. Wa Saidi ulisimama. Wakamkandamiza kifua, wakamchoma sindano, ukarudi. Damu waliyopima asubuhi ilikuwa sawa. Ya baadaye, potasiamu ilikuwa imepanda mno.

Jana nilikwenda kumwambia yule mama ukweli. Hakunigombeza. Alivuta kiti, akakaa. Kisha akasema ipo dawa nyingine ya kulegeza, isiyofanya hivyo, na angeitumia hiyo tangu mwanzo kama angejua.

Siwezi kutia sahihi barua hii huku neno la mjomba likibaki kuwa ndiyo kweli. Msomee barua hii yote, hata pale pa kuona aibu. Umeme haukumsimamisha Saidi moyo, wala yule mama. Aliulizwa mtu mmoja tu, naye akadanganya.

Mdogo wako,
Baba Rehema