Siku Uliyokataa Kutoa Kete

Mwita, rafiki yangu,

Barua huanza kwa kuulizana hali. Yako naijua, kwa hiyo nianze na yangu. Mimi ni mzima, mguu unauma kama kawaida, na tangu tukuzike hakuna mtu hapa kijijini aliyenifunga drafti. Usicheke, nasema kweli.

Mkeo Boke hajambo. Amevuna ulezi mwingi kuliko mimi na ananikumbusha kila tunapokutana. Duka la kijiji linaweza kukaa wiki tatu bila sabuni, lakini baraza lake halikosi wachezaji. Ubao wako, ule tuliokata kwenye sanduku la majani ya chai, ninao. Boke alinipa mwenyewe pamoja na vizibo vyote vya soda, kete zetu. Viwili vilipotea matangani, nikaokota vingine Sirari.

Matangani nilikasirika, Mwita. Mwenyekiti wa kijiji alisimama akasema ulikuwa mchezaji makini, mtu wa kutunza kete zake. Wewe! Watu walikuona ukishinda kila Jumapili, hawakuona unavyoshinda. Mimi ndiye niliyekaa mbele yako miaka yote ile. Wewe ulikuwa mtoaji. Ulitoa kete moja niile, ukatoa ya pili, na kwa kuwa sheria inasema lazima ule, nilikula, ingawa nilijua navutwa mtegoni. Kisha unainua kizibo kimoja, ta, ta, ta, umekula tatu na umeingia kingi. Halafu unaniuliza kwa upole, "Umeshiba?" Nilikichukia hicho kiswali. Mimi ni bahili, kete zangu nazifungia nyuma kama ng'ombe wakati wa wizi. Ndiyo maana ulinifunga, ukanifunga, ukanifunga tena.

Isipokuwa siku moja.

Ni siku ile tulipohamishiwa hapa wakati wa Operesheni Vijiji. Nilikuwa nimebomoa nyumba yangu kule Itiryo kwa mikono yangu, nikaacha kaburi la mama na mji alionigawia baba. Nilikaa juu ya nguzo zangu sisemi na mtu. Boke aliniletea uji, sikuupokea. Ukaja na ubao, ukaupanga pale pale mavumbini, ukasema, "Anza." Na nikakufunga! Nilipiga kelele mpaka watu wakaacha kujenga wakaja kutazama. Nikala ugali siku ile. Kesho yake nikasimamisha nguzo ya kwanza.

Mchezo ule nimeusimulia kete kwa kete, kilabuni, kwenye shamba la kijiji, hata kwa wakwe zangu. Mimi ndiye mtu pekee aliyemfunga Mwita. Hilo ndilo lilikuwa jina langu hapa, na sikuwa na jingine la kujivunia.

Basi mwezi uliopita alikuja mgeni kutoka Natta, shemeji wa mwalimu wetu, mtu anayefanya kazi kwenye kambi ya watalii. Anacheza vizuri. Nilimfunga mara mbili kwa mtindo wako, maana nimejifunza kutoa, Mwita. Bado nazionea uchungu, lakini natoa. Watu wakaniomba nimwonyeshe mchezo wangu maarufu. Nikaupanga. Nilipofika katikati, mgeni akaweka kidole juu ya kete yako ya pembeni.

"Shikamoo mzee, samahani," akasema. "Huyu mbona hakutoa hii? Angetoa hii, si angekula tatu?"

Nikamwambia anyamaze atazame. Lakini nilikuwa nimeshaona.

Nyumbani niliupanga upya peke yangu. Nafasi ya kunimaliza uliipata mara tatu, na hukutoa hata kete moja. Ulizirundika nyuma, ukazifungia, mpaka ukakosa pa kusogea. Siku ile ulicheza kama mimi. Ulinipa ushindi ule, mwanaume wewe! Ukanisikiliza nikijigamba miaka yote, na ulipoulizwa ulijibu, "Kweli, alinifunga," bila hata kutabasamu.

Nilikukasirikia siku mbili. Nilitaka nije kaburini nikutukane. Siku ya tatu nililia, mtu mzima na mvi zangu, mke wangu akidhani ni mguu.

Jumapili iliyofuata barazani, mwenyekiti aliniuliza mbele ya wote kama maneno ya yule mgeni yana ukweli. Ningeweza kukataa. Nani angebisha? Lakini ningekataa, ungebaki kuwa yule mtunza kete waliyemzika wao, nami ningekuwa nimekuzika mara ya pili. Nikawaambia. Nikawaambia ulikuwa na mchezo mkononi ukauacha, kwa sababu rafiki yako alikuwa amekaa juu ya nguzo hataki uji. Wakaanza kunicheka, na bado wananicheka mpaka leo. Boke alicheka kuliko wote. Kumbe alijua tangu siku ile, ukamkataza kusema.

Kwa hiyo sasa jina sina. Sijakufunga hata mara moja.

Nimekukumbuka sana, Mwita. Pumzika, lakini usipumzike sana, maana mimi kila Jumapili nafanya mazoezi. Nakuahidi nitacheza mtindo wako mpaka vijana wa hapa waujue, na siku nitakapokuja, nitakufunga kweli. Panga ubao. Na usithubutu kunihurumia.

Wako,
Chacha