Presha ya nani?

Nyaboke, uko? Usicheke. Leo nimeaibika mbele ya mzee Harold, yule ninayemtunza hapa Maplewood.

Nesi alituamuru: presha ikipita mia na sitini wakati wa mechi, TV izimwe. Na timu ya chuo alichosoma mzee, ya ule mpira wa Kimarekani wa kubeba mikononi, imefungwa Jumamosi sita mfululizo! Kila mara nampima, nazima, namwambia, "Matokeo tutayasikia kesho kanisani."

Sasa leo vijana wamebakiza kusogea hatua moja tu ili mpira uendelee kuwa wao. Hatua MOJA, Nyaboke! Kocha, badala ya kujaribu, akaamuru mpira upigwe teke mbali, wapewe wapinzani.

Nikajikuta nimesimama, napiga kelele, "Kocha gani mwoga hivi! Mrudisheni kwao!" Mimi, kiongozi wa maombi!

Mzee ametulia tuli. "Peris, kaa. Lete mkono." Akanifunga kile kipimo mwenyewe.

Mia na sabini na nne.

"Nesi hakusema presha ya nani," akasema, akazima TV.

Nikamsihi kwa jina la Yesu aniachie dakika mbili tu.

"Matokeo tutayasikia kesho kanisani."

Nyaboke, niangalizie tumefungwa ngapi. Rimoti ameikalia.