Gramu Mia Mbili na Kumi

Mama yangu mpenzi,

Shikamoo. Magoti yanasemaje asubuhi siku hizi? Na ile dawa ya kuchua, unaitumia au umeiweka kabatini kama pambo? Huku sisi wazima. Mumeo mdogo ameota meno mawili na anauma kila kinachomkaribia, kisha anakutazama kama mtu asiye na kosa. Mimi nimechoka, sikufichi, lakini ni uchovu wa mtu mwenye kazi.

Uliniuliza kwenye simu nafanya kazi gani hasa. Nikakujibu napima injini, ukacheka ukasema tangu lini injini ikashikwa na homa. Basi nikueleze. Tuna injini ndogo ya ndege, ukubwa wake kama sufuria, sauti yake kama mashine kumi za kusaga. Imefungwa juu ya meza ya chuma inayoteleza. Ikiwaka inaisukuma meza, na kipimo kinaonyesha imesukuma kwa nguvu kiasi gani. Dumu la mafuta linakaa juu ya mizani. Naandika uzito wake, tunatoka, tunafunga mlango, tunaitazama injini kupitia kioo. Dakika tano zikiisha inazimwa, naingia kuandika tena. Kilichopungua ndicho ilichokunywa. Hesabu ya kutoa tu, mama, ile uliyonifundisha kwa kokoto.

Mwezi huu tulikuwa tunaijaribu kwa mafuta mapya. Nusu ni mafuta ya kawaida ya ndege, nusu yametengenezwa kwa mafuta ya kupikia yaliyokwisha tumika, yale ya kumwaga. Mhandisi wetu, mama mmoja mtu mzima wa maneno machache, ameyahangaikia miaka minne. Yakishindwa, kitengo kinafungwa, na mimi niliyeajiriwa mwisho ndiye wa kwanza kurudi nyumbani.

Yakashindwa. Mafuta ya kawaida injini ilikunywa gramu 1,480. Haya mapya, 1,680, kwa msukumo ule ule. Fundi anayeiwasha tunamwita Masikio, kwa sababu viziba masikio vyake havivui hata akila. Akasema hii injini leo ina mnyoo. Mhandisi hakucheka. Alisema ataandika ripoti wiki ijayo, kwa sauti ya mtu anayekunja nguo za marehemu. Mafuta mapya yalikuwa yamebaki ya kuwasha mara moja tu, akaagiza yafungwe yarudishwe yalikotoka.

Siku ya tatu nilimpeleka mtoto kliniki. Muuguzi akamlaza kwenye mizani, akatazama namba, akanitazama mimi. Akaniambia, mama, hebu toa hiyo chupa kwenye shali, utatuandikisha unene wa uongo. Nikaitoa. Namba ikashuka. Na mimi nikatafuta benchi.

Sasa mama, na wewe kaa. Nilikuambia nimemwachisha ziwa kama ulivyonishauri, kwamba anatumia maziwa ya kopo. Nilikudanganya. Kila siku saa nne najifungia stoo ya kazini, nakamua, natia kwenye chupa. Siku ile ya kupima mafuta mapya, Masikio aliniita chupa ikiwa mkononi. Nikaiweka juu ya mizani, nyuma ya dumu, nikaandika uzito, kisha nikaichukua nikatoka nayo. Injini ya watu ikasingiziwa kunywa maziwa ya mwanangu.

Nilitaka kunyamaza. Kuingiza kitu cha kula au kunywa chumba kile ni kosa la kufukuzwa, na nani angejua? Lakini nikamfikiria yule mama na miaka yake minne. Kesho yake nilikwenda na chupa imejaa mpaka mstari ule ule. Nikamweleza yote bila kupamba, nikaiweka kwenye mizani mbele yake. Gramu mia mbili na kumi. Alichukua kalamu akaiandika namba ile. Kisha akamtuma Masikio akafungue yale mafuta yaliyobaki.

Gramu 1,470, mama! Kumi pungufu ya mafuta ya kawaida, msukumo ule ule. Masikio alivua viziba vyake, mara ya kwanza namwona masikio, akasema kumbe mnyoo wenyewe una meno mawili.

Ripoti imeandikwa upya na kitengo hakifungwi. Mimi nimepewa barua ya onyo, na nimeistahili. Nilipoitia sahihi nikaomba rafu moja kwenye friji ya ofisini na chumba chenye komeo. Mhandisi akaniuliza kwa nini sikuomba siku zote hizo. Nikamjibu sikujua kama huwa vinaombwa. Nimepewa vyote viwili.

Mama, najua ulisema kwa mapenzi, kwamba kazi na ziwa vitanimaliza. Ila ziwa simnyimi mpaka akatae mwenyewe, na kazi siachi. Ukitaka kunigombeza, nigombeze, lakini njoo unigombeze hapa hapa, ukiwa umempakata. Kitanda chako nimekitandika.

Nisalimie kaka, mwambie asikujibie simu zako. Shangazi naye mwambie sijamsahau. Jipake dawa.

Ni mimi mwanao,
mama wa mume wako.